Kusikia na Kuelewa: Ulinzi wa Mawasiliano baina ya Setilaiti na Mitandao ya Ardhini dhidi ya Udukizi

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mawasiliano yasiyotumia waya baina ya setilaiti na mitandao ya ardhini yanavyoweza kulindwa dhidi ya watu wanaoyasikiliza bila idhini. Hoja yake kuu ni kwamba ishara inayoshuka duniani kutoka angani haiwezi kuzuiwa isisikike. Kinachoweza kuzuiwa ni kueleweka kwake. Kwa kutumia ushahidi uliotolewa hadharani kati ya mwaka 2009 na mwaka 2025, makala inaonyesha kwamba udhaifu mkubwa wa mawasiliano haya hautokani na uhaba wa elimu ya usimbaji, bali unatokana na funguo zilizopo kutotumiwa. Aidha, makala inapambanua istilahi chache za Kiswahili zinazohitajiwa katika kulijadili suala hili.

1.0 Utangulizi

Mnamo Oktoba 1945, Arthur C. Clarke alichapisha katika jarida la Wireless World makala iliyoeleza kuwa vyombo vitatu vilivyowekwa juu ya ikweta, katika kimo cha kilomita zipatazo 36,000, vingeweza kupeleka matangazo karibu kote duniani. Katika kimo hicho chombo huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha katika mhimili wake, na kwa hiyo, kwa mtazamaji aliye ardhini, huonekana kimesimama mahali pamoja. Wazo hilo lilitimia mwaka 1964 iliporushwa setilaiti ya Syncom 3, na mwaka uliofuata, 1965, setilaiti ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo, Intelsat I, ilianza kazi juu ya Bahari ya Atlantiki.

Sifa aliyoisisitiza Clarke ni upana: kituo kimoja kusikika katika nchi nyingi. Kwa utangazaji wa redio na televisheni, upana huo ni neema. Lakini setilaiti za leo hazitumiki kwa utangazaji pekee. Hubeba mazungumzo ya simu, taarifa za mabenki, maagizo ya mitambo ya umeme, barua za mabaharia na taarifa za majeshi. Kwa mawasiliano ya namna hiyo, ambayo yamekusudiwa mtu mmoja na si umma, upana uleule hugeuka kuwa tatizo.

Makala hii inashughulikia tatizo hilo moja tu, yaani kusikilizwa kwa siri. Haikusudii kujadili kuzuiwa kwa ishara kwa kelele za makusudi, wala kughushiwa kwa ishara, ingawa mambo hayo yana uhusiano nalo. Tutaanza kwa kupambanua istilahi, kisha tutaeleza asili ya tatizo, ushahidi wa kuwapo kwake, sababu za kudumu kwake, na njia tatu za ulinzi. Mwishoni tutalitazama suala hili kwa jicho la Afrika Mashariki.

2.0 Istilahi: kudukiza, kufumba na kusimba

Kiswahili kina kitenzi cha zamani kinacholifaa suala hili, nacho ni kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu wengine. Mtendaji ni mdukizi na tendo ni udukizi. Siku hizi umbo kudukua limeenea katika vyombo vya habari kwa maana ya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Ni vema dhana hizi mbili zisichanganywe. Anayedukua huingia ndani, hugusa, na mara nyingi huacha alama. Anayedukiza haingii popote. Husikiliza tu, na anayesikilizwa hawezi kujua. Katika mawasiliano ya setilaiti tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu dishi linalopokea halitoi ishara yoyote ya kulitambulisha.

Dhana ya pili ni ya kuficha maana. Hapa inafaa kutenga kufumba na kusimba. Waswahili wamefumba maneno kwa karne nyingi, katika mashairi, katika methali na katika lugha za siri kama kinyume, ambapo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa: nyumba ikawa mbanyu, kitabu kikawa bukita. Siri ya kinyume imo katika kanuni yenyewe. Ajuaye kanuni hujua kila kitu, na ikishavuja haiwezi kurudishwa. Ndiyo maana ikasemwa: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Kusimba, kwa maana inayotumika katika makala hii, ni jambo jingine. Kanuni ya kubadilisha matini wazi kuwa matini fiche inaweza kujulikana na watu wote. Kinachofichwa ni ufunguo tu, yaani tarakimu chache ambazo mwenye kutuma na mwenye kupokea huzijua. Auguste Kerckhoffs alilieleza sharti hili mwaka 1883 alipoandika kuhusu mawasiliano ya kijeshi: mfumo mzuri ni ule ambao hata ukiangukia mikononi mwa adui hauleti madhara, mradi ufunguo umehifadhiwa. Ufunguo ukivuja, hubadilishwa. Kanuni ikivuja, mfumo wote umekwisha. Tutaona hapa chini kwamba upambanuzi huu si wa maneno matupu. Kwa baadhi ya watumiaji wa simu za setilaiti ulikuwa na matokeo halisi.

3.0 Asili ya tatizo

3.1 Njia ya kupandia na njia ya kushukia

Mawasiliano ya setilaiti yana sehemu mbili za hewani. Njia ya kupandia hutoka kwenye kituo cha ardhini kwenda kwenye setilaiti, na njia ya kushukia hutoka kwenye setilaiti kurudi ardhini. Ishara inayopanda hutumwa na dishi lililoelekezwa mahali pamoja angani, na mwale wake ni mwembamba. Mdukizi aliye ardhini, nje ya mwale huo, hupata mabaki yake tu. Ishara inayoshuka ni kinyume chake. Kwa kuwa imesafiri kilomita 35,786, hata mwale unaoonekana mwembamba kwenye antena ya setilaiti hufunika eneo kubwa unapofika chini. Eneo hilo tutaliita eneo la mmuliko. Mmuliko mpana kabisa wa setilaiti tuli hufikia karibu theluthi moja ya uso wa dunia. Mmuliko wa kawaida huweza kufunika nchi kadhaa kwa pamoja.

Hivyo basi, ujumbe uliokusudiwa kituo kimoja mjini Kisangani huweza kushuka kwa nguvu ileile juu ya Kigali, Bujumbura na Kampala. Setilaiti nyingi hazina uwezo wa kuchagua. Hupokea ishara, huibadilisha masafa, huikuza na kuirudisha chini kama ilivyo. Mwenye kunong'ona barazani hawezi kumlaumu mpita njia kwa kuwa na masikio, na mwenye kutuma kwa setilaiti yuko katika hali hiyo.

Ni kweli kwamba mara nyingi mdukizi husikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Maneno yanayotoka kwenye kituo kikuu kwenda kwa wateja hushuka katika eneo la wateja. Majibu yao hushuka katika eneo la kituo kikuu, ambalo huenda liko bara jingine. Lakini upande mmoja hutosha. Barua iliyopokewa husomeka bila jibu lake.

3.2 Setilaiti za karibu

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 zimerushwa setilaiti nyingi zinazopita karibu na dunia, nyingi zikiwa katika kimo cha kilomita zipatazo 550. Miale yake hufunika maeneo madogo zaidi na setilaiti yenyewe hupita angani kwa dakika chache. Kwa hiyo mdukizi hulazimika kuwa karibu na mlengwa na kuwa na antena inayoifuata setilaiti. Hali hii humwongezea kazi, lakini haimwondoi. Jirani wa mlengwa bado yumo ndani ya mwale uleule.

4.0 Ushahidi

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vifaa vya kusikilizia setilaiti ni ghali mno isipokuwa kwa serikali kubwa. Matukio manne yafuatayo yameivunja imani hiyo.

La kwanza liliripotiwa Desemba 2009 na gazeti la Wall Street Journal. Picha za video zilizotumwa na ndege za Marekani zisizo na rubani zilikutwa kwenye kompyuta za wapiganaji nchini Iraq. Wapiganaji hao walitumia programu iitwayo SkyGrabber, iliyouzwa kwa dola 26, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kunasa filamu na muziki unaoshuka kutoka kwenye setilaiti. Picha zile hazikuwa zimesimbwa. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, wakuu wa jeshi walikuwa wameufahamu udhaifu huo tangu vita vya Bosnia katika miaka ya 1990, lakini walidhani wapinzani wao hawangeweza kuutumia.

La pili ni la mwaka 2012. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, nchini Ujerumani, walizichunguza kanuni mbili za usimbaji za simu za setilaiti zijulikanazo kama GMR-1 na GMR-2. Kanuni hizo hazikuwa zimechapishwa. Usalama wake ulitegemewa kwa sehemu katika kutojulikana huko. Watafiti walizitoa ndani ya programu za simu zenyewe, wakaonyesha kuwa zote mbili ni dhaifu. Ile ya GMR-1 ilifanana sana na kanuni ya A5/2 ya simu za mkononi, ambayo udhaifu wake ulikwisha kujulikana tangu mwaka 1999. GMR-1 ilitumiwa katika mtandao wa Thuraya wa Falme za Kiarabu, ambao mmuliko wake ulifika Ghuba, Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, na ambao simu zake zilibebwa na waandishi wa habari, mabaharia na watumishi wa mashirika ya misaada. Hapa ndipo tofauti baina ya kufumba na kusimba inapopata uzito wake. Watumiaji hao walipewa fumbo wakaambiwa ni kufuli.

La tatu ni utafiti wa mwaka 2020 ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford kuhusu mawasiliano ya meli. Kwa vifaa vya kawaida vya televisheni ya setilaiti, ambavyo gharama yake haikufika asilimia 1 ya gharama ya mitambo ya kitaalamu, watafiti walikusanya zaidi ya terabaiti 1.3 za mawasiliano kutoka eneo la kilomita za mraba milioni 26. Miongoni mwa waliyoyaona ni taarifa za pasipoti, namba za kadi za malipo, na ramani za uabiri zilizotumwa melini bila ulinzi.

La nne lilitangazwa Oktoba 2025 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Maryland. Kwa dishi moja lililowekwa juu ya paa, na vifaa vilivyogharimu chini ya dola 1,000, walizichunguza transponda 411 za setilaiti tuli 39. Karibu nusu ya njia walizozichunguza zilibeba data za intaneti zisizosimbwa. Ndani yake mlikuwa na simu na ujumbe wa wateja wa kampuni za simu, uliokuwa ukisafirishwa kutoka minara ya mbali hadi kwenye mitambo mikuu. Mlikuwa pia na mawasiliano ya kijeshi, ya polisi, ya maduka na ya mabenki. Kampuni kadhaa zilizoarifiwa zilianza kusimba njia zao. Jambo hili la mwisho linastahili kuzingatiwa: kufuli lilikuwapo, ila halikuwa limefungwa.

5.0 Kwa nini mlango huachwa wazi

Msomaji atauliza: ikiwa usimbaji unajulikana, kwa nini hautumiki? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni umbali. Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde. Kwa hiyo kupanda hadi kwenye setilaiti tuli huchukua sekunde 0.12 hivi, na kushuka huchukua muda kama huo. Swali na jibu lake huhitaji safari nne, yaani sekunde 0.48, na katika matumizi halisi, baada ya kuongeza ucheleweshaji wa mitambo, hukaribia sekunde 0.6. Itifaki ya TCP, ambayo husafirisha sehemu kubwa ya data za intaneti, hutuma kidogo, husubiri kithibitisho cha kupokewa, kisha huongeza kiasi. Vithibitisho vikichelewa, mwendo huwa wa kinyonga. Ili kuliepuka jambo hili, kampuni za setilaiti huweka mitambo ya kati, ambayo tutaiita wakala wa mwendo. Wakala huyafungua mafurushi ya data, huvisoma vichwa vyake, na hutoa vithibitisho papo hapo bila kungoja upande wa pili.

Sasa mteja akiyasimba mawasiliano yake yote kwa njia ya handaki la siri kutoka ofisi hadi ofisi, wakala hawezi tena kuvisoma vichwa vya mafurushi. Hushindwa kuyaharakisha, na mteja huona intaneti imezorota. Akiliondoa handaki, mwendo hurudi. Mtumiaji wa kawaida huchagua mwendo. Huu si uzembe mtupu. Ni mfumo uliojengwa kwa namna inayomwadhibu anayejilinda. Suluhisho limependekezwa: watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2021 mfumo uitwao QPEP, ambao huunganisha kazi ya wakala na kazi ya usimbaji, ili data zisimbwe kabla ya kuingia hewani na bado ziharakishwe.

Sababu ya pili ni gharama. Usimbaji huongeza biti katika kila furushi, na kwenye setilaiti biti hulipiwa. Mitambo mingine huhitaji leseni ya ziada ili usimbaji uwashwe. Katika vituo vya mbali vinavyotumia umeme wa jua, hata nishati ya kukokotoa huhesabiwa. Aidha, njia iliyosimbwa ni ngumu zaidi kuitafutia hitilafu.

Sababu ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa, ni kugawanyika kwa dhamana. Mwenye setilaiti hukodisha masafa tu. Mwenye kituo kikuu hudhani kuwa mteja wake atayasimba mawasiliano yake. Mteja hudhani kuwa huduma aliyoinunua imekwisha kusimbwa. Kila mmoja humtegemea mwenzake, na mlango wa wote hubaki wazi. Kwa kuwa mdukizi haachi alama, hakuna tukio linalowazindua.

6.0 Njia za ulinzi

6.1 Usimbaji

Claude Shannon alithibitisha mwaka 1949 kwamba siri kamili inawezekana, lakini kwa sharti kwamba ufunguo usiwe mfupi kuliko ujumbe, uwe wa kubahatisha kabisa, na usitumiwe mara mbili. Sharti hilo ni zito kwa matumizi ya kila siku. Kwa hiyo mifumo ya kawaida huridhika na siri ya kiutendaji: ufunguo mfupi, lakini ambao kuukisia kungehitaji muda usiopatikana. Kanuni ya AES, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001, ni ya namna hiyo. Imechapishwa, imejaribiwa na wataalamu wa dunia nzima, na ufunguo wake una biti 128, 192 au 256.

Namna ya kuukubali ufunguo baina ya watu wasiowahi kukutana ilipatikana mwaka 1976, pale Whitfield Diffie na Martin Hellman walipoonyesha kuwa wawili wanaweza kujenga siri ya pamoja huku kila wasemacho kikisikika na wengine. Kwa mawasiliano ya setilaiti, ambayo mdukizi hudhaniwa daima kuwapo, ugunduzi huu ni wa thamani kubwa.

Ni muhimu pia kuuliza usimbaji unafanyika wapi. Usimbaji wa njia huilinda sehemu ya hewani tu. Ujumbe hufunguliwa kwenye kituo kikuu. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho huulinda ujumbe safari nzima, lakini huacha wazi anwani za mwenye kutuma na mwenye kupokea, pamoja na saa na wingi wa mawasiliano yao. Mdukizi asiyejua kilichosemwa bado anaweza kujua nani alisema na nani. Hivyo aina hizi mbili hazishindani. Ya kwanza huficha bahasha, ya pili huficha barua.

6.2 Ulinzi wa tabaka la umbile

Njia ya pili hutumia maumbile ya mawimbi yenyewe. Msingi wake uliwekwa na Aaron Wyner mwaka 1975, na kupanuliwa na Imre Csiszár na János Körner mwaka 1978. Walionyesha kwamba iwapo njia ya mdukizi ni mbovu kuliko ya mlengwa, ujumbe unaweza kutumwa kwa siri bila ufunguo wowote. Kiasi kinachoweza kutumwa hivyo huitwa uwezo wa siri, nacho, kwa njia za redio za kawaida, ni uwezo wa njia ya mlengwa ukitoa uwezo wa njia ya mdukizi.

Mfano utasaidia. Tuseme mlengwa hupokea ishara yenye nguvu mara 15 ya kelele. Kwa kanuni ya Shannon, uwezo wa njia yake ni biti 4 kwa sekunde kwa kila hezi. Mdukizi aliye pembezoni mwa mmuliko hupokea ishara yenye nguvu mara 3 tu ya kelele. Uwezo wake ni biti 2. Uwezo wa siri ni biti 2. Sasa mdukizi anunue dishi lenye kipenyo maradufu. Nguvu anayoipokea huongezeka mara nne, ikawa mara 12 ya kelele, na uwezo wake hufikia biti 3.7. Uwezo wa siri hushuka hadi biti 0.3. Akiongeza tena kipenyo maradufu, nguvu huwa mara 48 ya kelele, uwezo wake hupita biti 5, na siri haipo tena. Mfano huu unaonyesha uzuri wa nadharia na udhaifu wake kwa pamoja: usalama wa mtumaji umewekwa katika ukubwa wa dishi ambalo yeye halioni.

Ndiyo sababu watafiti wengi wameelekea kwenye mitandao mseto, ambamo setilaiti na minara ya ardhini hutumia masafa yaleyale. Kwa kawaida mwingiliano baina ya mnara na setilaiti ni kero. Lakini mnara wenye antena nyingi unaweza kuielekeza kelele yake kwa makusudi, ikamfikia kila aliye karibu isipokuwa mlengwa. Wazo la kelele ya makusudi lilifafanuliwa na Satashu Goel na Rohit Negi mwaka 2008. Katika mfano wetu, kelele hiyo ikimshusha mdukizi hadi nguvu sawa na kelele, uwezo wake huwa biti 1, na uwezo wa siri hupanda hadi biti 3.

Hata hivyo, masharti ni mengi. Mnara lazima uijue hali ya njia ya mlengwa kwa usahihi, la sivyo kelele itamdhuru yeye mwenyewe. Taarifa za njia ya setilaiti tuli hufika zikiwa zimechelewa, na kwa mtumiaji aliye safarini huwa zimekwisha kupitwa. Mdukizi naye hajitangazi, hivyo mahali alipo na ubora wa antena yake hukisiwa tu. Kwa sababu hizi, ulinzi wa tabaka la umbile unafaa kuchukuliwa kuwa ukuta wa pili, si badala ya ufunguo.

6.3 Kwanta na kompyuta zijazo

Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeweza kuzivunja kanuni nyingi za kubadilishana funguo zinazotumika. Kompyuta hiyo haijapatikana, lakini mdukizi anaweza kuhifadhi leo matini fiche ili aisome siku itakapopatikana. Majibu ni mawili. La kwanza ni kanuni mpya za kihisabati. Taasisi ya viwango ya Marekani iliidhinisha tatu za mwanzo Agosti 2024. La pili ni kusafirisha funguo kwa chembe za mwanga, ambazo mdukizi hawezi kuzipima bila kuzibadilisha. Setilaiti ya Micius, iliyorushwa na China Agosti 2016, ilitumiwa kutoa funguo kwa Beijing na Vienna, miji iliyotengana kwa kilomita 7,600, na mwaka 2025 watafiti walitangaza kuwa setilaiti ndogo ya Jinan-1 ilikuwa imefanya hivyo baina ya China na Stellenbosch, Afrika Kusini. Hapa, kwa mara ya kwanza, mdukizi huacha alama. Lakini mbinu hii huhitaji anga isiyo na mawingu, vifaa vya gharama kubwa, na, kwa utaratibu uliotumika, kuiamini setilaiti yenyewe kwa kuwa nayo huzijua funguo.

7.0 Afrika Mashariki

Eneo letu si geni katika suala hili. Kituo cha setilaiti cha Longonot nchini Kenya kilifunguliwa mwaka 1970. Hadi kebo ya SEACOM ilipofika mwambao mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki na nchi za nje yalitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa sana. Kebo hazikuiondoa setilaiti, zimeihamishia pembezoni. Leo huhudumia meli, migodi, hifadhi za wanyama, kambi za wakimbizi, matawi ya mabenki na minara ya simu iliyo mbali na mikongo. Kebo zinapokatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024, wengi hurejea angani. Huduma za setilaiti za karibu nazo zimeingia Rwanda na Kenya tangu mwaka 2023.

Walio pembezoni ndio wenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuhoji. Muuguzi anayetuma taarifa za mgonjwa kutoka zahanati ya mbali hana namna ya kujua kama njia iliyo juu ya paa lake imesimbwa. Sheria za kulinda taarifa binafsi zimetungwa Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na zote humtaka mwenye kushughulikia taarifa azilinde. Wajibu huo hauna maana iwapo mkataba wa huduma ya setilaiti hautaji ni nani anayesimba, kwa kanuni gani, na kutoka wapi hadi wapi. Maswali hayo matatu hayahitaji mhandisi kuyauliza. Yanahitaji lugha ambayo muulizaji na mjibu huielewa kwa namna moja.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba udukizi wa mawasiliano ya setilaiti ni zao la sifa ileile iliyozifanya setilaiti kuwa na manufaa. Ishara inayoshuka ni ya wote waliomo katika mmuliko wake. Ulinzi wa tabaka la umbile huweza kupunguza kinachosikika, na kwanta huweza kumfichua msikilizaji, lakini nguzo ya ulinzi imebaki kuwa usimbaji wa wazi kikanuni na wa siri kiufunguo. Nguzo hiyo ipo tangu zamani, na ushahidi wa mwaka 2025 unaonyesha kuwa karibu nusu ya njia zilizochunguzwa hazikuitumia.

Kwa wanaisimu na wanaistilahi, kuna kazi ya kufanya. Maadamu matangazo ya huduma na tafsiri za sera hutumia neno salama kwa fumbo na kwa kufuli bila kubagua, mnunuzi hatajua alichouziwa. Kusawazisha istilahi za kudukiza, kudukua, kufumba na kusimba, na kuzifikisha katika mikataba na madarasa, ni sehemu ya ulinzi wenyewe.